Ukienda North: Venye Utachagua Mahali pa Kulala Kutoka Isiolo Hadi Moyale

Mbogi imejipanga. Doo imechangwa, likizo imekubaliwa, na kuna msee kwa grupu ya WhatsApp ameshatuma picha ya Ololokwe mara nne. Sasa linabaki swali lenye huharibu trip nyingi: usiku wa kwanza mnalala wapi? Na wa pili?

Isiolo ndio mlango wa North. Iko kama kilomita 280 kutoka Nairobi, na kwa miaka mingi lami ilikuwa inaishia hapa. Enzi za mkoloni hata hungevuka bila kibali. Sheria ya mwaka 1926 ilifunga eneo lote la kaskazini, na mtu wa nje alihitaji ruhusa kuingia. Baada ya uhuru, ukitaka Marsabit au Moyale ulipanda juu ya lori pamoja na mbuzi, ukala vumbi siku mbili tatu. Lami ilifika Moyale miaka ya 2010, na sasa basi linamaliza hizo kilomita 500 hivi kutoka Isiolo kwa usiku mmoja.

Hapo ndipo watu hujichanganya. Barabara ni safi, kwa hivyo wanadhani wanaweza kulala popote, kila usiku mji mpya. Lakini barabara kuwa nzuri haimaanishi kuna gari.

Kanuni moja: uliza gari la mwisho la kurudi

Watu wanaozunguka Italia kwa treni wako na mbinu moja poa. Unaweka kambi Bologna, unaacha begi kwa rumu, asubuhi unadandia treni hadi Modena, Parma au Ferrara, jioni umerudi kitanda kile kile. Hakuna kuhamisha mizigo kila siku, hakuna kutafuta rumu kila jioni.

Hiyo mbinu inafanya kazi North pia, lakini na tofauti moja kubwa. Kule treni inaondoka saa ikifika. Huku gari linaondoka likijaa. Reli yenyewe haijafika Isiolo. Iko kwa plani ya LAPSSET iliyozinduliwa Lamu mwaka 2012, lakini kwa sasa reli ya karibu inaishia Nanyuki, kama kilomita 80 kabla ya Isiolo. Ile treni ya Nairobi–Nanyuki ilifufuliwa 2020. Ukitaka kuanza nayo, hakikisha kwanza kama wiki yako iko, kisha umalizie na mat.

Kwa hivyo kabla ya kuangalia picha za rumu, uliza swali moja: huko ninapoenda mchana, gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi? Kama kuna jibu la uhakika, lala kwenye kambi yako na uende urudi. Kama jibu ni "litapatikana tu", panga kulala huko huko. Ukikuta ni jioni, gari limeisha na hujapanga, utalipa bei yoyote utakayoambiwa, au utapanda boda gizani kwenye barabara usiyoijua. Hiyo ya pili ni noma kuliko ya kwanza.

Fika mchana

Mabasi ya Moyale kutoka Eastleigh mengi husafiri usiku. Ukipanda moja ukisema utashuka Isiolo, kuna uwezekano ukaachwa kando ya barabara usiku wa manane, gesti zimefungwa, simu iko asilimia 6. Kwa Isiolo, chukua mat ya asubuhi kutoka tao. Unapita Nanyuki na Timau, unateremka kwa joto, na kufika alasiri kukiwa bado na mwangaza wa kuangalia rumu mbili tatu kabla ya kulipa.

Usiku una shida nyingine. Wizi wa mifugo na ujambazi vimewahi kusumbua sehemu za hii njia, na hali hubadilika. Madereva na watu wa steji ndio wako na rada ya wiki hiyo. Waulize, na wakisema ngoja asubuhi, ngoja asubuhi.

Isiolo: kambi yako ya kwanza

Kama hujawahi enda North, lala Isiolo usiku mbili au tatu. Hapa kuna gesti za kila bajeti, benki, chemisti, na magari ya kwenda Meru, Nanyuki, Archer's na Marsabit. Pia ni mji wa kula. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru wote wako hapa, kwa hivyo utapata anjera, pilau ya mbuzi, nyirinyiri na chai ya maziwa ya ngamia. Hayo maziwa ya ngamia ya Isiolo ndiyo husafirishwa hadi Eastleigh, na biashara yake inaendeshwa sana na akina mama.

Rumu iliyo karibu na steji ni rahisi kufika na mizigo, lakini honi zitakuamsha kabla ya azan. Ukitaka usingizi, ingia ndani kidogo mbali na barabara kuu, bora uwe na namba ya boda unayemwamini. Gesti nyingi zinamilikiwa na Waislamu, kwa hivyo usibebe chupa bila kuuliza. Mkiwa mvulana na msichana mnataka rumu moja, ulizeni kabla ya kulipa. Mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi za kula hutulia mchana, halafu mji unaamka magharibi. Na hapa kuna kambi za jeshi: simu mfukoni ukipita karibu nazo.

Ukiwa Isiolo, Buffalo Springs na Samburu ni za kwenda na kurudi. Huwezi tembea kwa miguu ndani ya hifadhi, kwa hivyo gari ndilo litakula doo. Mkiwa watano au sita, kodini gari moja mjini, mtoke alfajiri mageti yakifunguliwa na mrudi kabla yafungwe jioni. Mkibahatika mtaona punda milia wa Grevy, choroa, swala twiga, mbuni wa Kisomali na twiga wa madoa ya wavu. Hao watano hutawaona Nairobi National Park.

Archer's Post: ukitaka kuamkia mtoni

Archer's iko kama kilomita 35 tu kutoka Isiolo, kwa hivyo unaweza kuigusa na kurudi, bora uondoke mapema juu magari hupungua jioni. Sababu ya kulala hapa ni moja: Ewaso Ng'iro. Kuna kambi kando ya mto, na moja ni ya kijiji cha Umoja, kilichoanzishwa na wanawake Wasamburu mwaka 1990 wakiongozwa na Rebecca Lolosoli. Ukilala hapo, pesa yako inabaki na wenyewe.

Lakini sikiza vizuri kuhusu hema. Huo mto unaletewa maji kutoka Mlima Kenya na Aberdare. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanafika Archer's hata kama hapa hakuna wingu. Machi 2010 mafuriko ya ghafla yalisomba kambi na loji kwenye hizi hifadhi, na wageni wakaokolewa kwa helikopta. Usipige hema kwa mchanga ulio karibu na maji ati juu picha itakuwa moto. Panda juu ya kingo, uliza mwenyeji maji huwa yanafika wapi, na usiku usiende mtoni. Kuna mamba, na ndovu hupita wakitaka.

Ololokwe iko mbele zaidi, upande wa kulia au kushoto usijali, hutaukosa. Kupanda kunachukua masaa na jua halina huruma, kwa hivyo ukitegemea magari ya abiria kutoka Isiolo, kurudi siku hiyo hiyo ni kubahatisha. Huu ndio mlima wa kulala huko huko. Chukua gaidi wa hapo, lipa ada ya jamii, beba maji kuliko unavyodhani, na mlale juu.

Marsabit: kambi ya pili

Kutoka Isiolo ni zaidi ya kilomita 250. Usiifanye ya kwenda na kurudi. Utaona dirisha la gari na basi. Hamisha begi, lala usiku mbili.

Watu hukosea nguo. Umepita Merille, Laisamis na Logologo ukichomeka, halafu unapanda mlima wenye msitu na ukungu, na usiku unatafuta blanketi ya pili. Uliza kama rumu iko na maji ya moto. Mchana nenda Ziwa Paradise ndani ya hifadhi. Hapa ndipo aliishi Ahmed, ndovu wa meno marefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi akafa 1974. Hifadhi ya Marsabit iko chini ya KWS, na malipo ni kwa eCitizen, kwa hivyo lipia ukiwa na mtandao.

Loiyangalani na Moyale

Loiyangalani, pale kando ya Ziwa Turkana, si ya kuongeza kwa trip ya wikendi. Usafiri wa abiria ni wa kubahatisha, na unaweza kufika leo ukakosa gari la kurudi kesho. Weka angalau usiku mbili na siku moja ya ziada. Upepo wa huko ndio umefanya mitambo 365 ya umeme ijengwe karibu, kwa hivyo hema jepesi litakuaga.

Moyale iko karibu kilomita 250 kutoka Marsabit. Kama hauvuki mpaka, fikiria mara mbili kama usiku huo unafaa. Ukivuka, Mkenya hahitaji viza ya Ethiopia, lakini beba pasipoti. Ukifika jioni, lala upande wa Kenya na uvuke asubuhi ukiwa na akili. Kitu kimoja hakitakusumbua: Waethiopia huhesabu saa kama sisi, saa moja ya asubuhi ni saa moja.

Mfano wa siku sita, vitanda viwili

Siku ya 1: Nairobi hadi Isiolo mchana. Lala Isiolo.
Siku ya 2: Buffalo Springs au Samburu na gari la kukodi. Lala Isiolo.
Siku ya 3: Archer's, kijiji cha Umoja na mto. Rudi mapema. Lala Isiolo.
Siku ya 4: Asubuhi hadi Marsabit. Lala Marsabit.
Siku ya 5: Ziwa Paradise na soko. Lala Marsabit.
Siku ya 6: Toka asubuhi, teremka Nairobi. Mkichoka au gari likiharibika, Isiolo iko njiani na tayari mnajua gesti.

Ukitaka Ololokwe, toa siku ya 3 ulale mlimani, kisha uunganishe Marsabit kutoka huko.

Kabla ulipe rumu

Fungua mfereji uone maji. Washa feni. Angalia neti kama iko na mashimo. Funga mlango kwa ndani. Uliza geti linafungwa saa ngapi na nani anafungua mkitoka alfajiri. Lipa usiku mmoja kwanza, hata kama utakaa tatu, uone kama kumetulia.

Halafu ukishaweka begi chini, rudi steji kabla ya giza uulize ile kitu: kesho, gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi?