Historia Iliyo Uani

Tunapofundisha habari za majumba ya kale ya Waswahili, aghalabu twaanzia mlangoni na kuishia ukumbini. Twasifu nakshi za milango, kuta za matumbawe na vidaka vya kuwekea vyombo vya China. Ni nadra kuuliza chakula cha nyumba hiyo kilipikwa wapi, na aliyekipika alilala wapi.

Wataalamu wa mambo ya kale nao walianzia kwenye mawe. James Kirkman huko Gede tangu mwaka 1948, na Neville Chittick huko Kilwa katika miaka ya 1960, walielekeza juhudi kubwa kwenye misikiti, makaburi na majumba. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, kwani ndiyo iliyotupa tarehe za miji ya pwani.

Mwaka 2009 Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walianza utafiti Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji uliostawi tangu mwisho wa karne ya 14 hadi karne ya 16. Pamoja na kuchimba vyumba, walichunguza viwanja vilivyo baina ya majumba. Walipima usumaku wa ardhi, maana udongo uliopata kuungua huacha alama. Wakachota udongo ili wapime kemikali na mabaki madogo mno ya mimea. Palipodhaniwa kuwa patupu pakaonekana mabaki ya nyumba za miti na udongo. Kumbe mji wa mawe ulikuwa pia mji wa udongo!

Funzo hilo latuhusu sisi wa Bujumbura. Asiatique ni mtaa uliotengwa na wakoloni kwa wafanyabiashara wa Kiasia, na Kiswahili, kilichofika huku kwa misafara ya karne ya 19 kupitia Ujiji, kikawa lugha ya biashara yake. Nyumba ya mfanyabiashara huwa na duka mbele. Nyuma mna ua, ghala, jiko na vyumba vya watumishi. Ikibomolewa, huenda picha ya mbele ikabaki. Ya uani hakuna aliyeipiga.

Basi, walimu wenzangu, tuwatume wanafunzi, kwa idhini ya wenye nyumba, wakachore ramani za nyua hizo. Wawaulize wazee kila banda liliitwaje, na nani alifanya kazi humo. Wasichimbe, kwani udongo ukishavurugwa na asiye mtaalamu, ushahidi wake hupotea. Jungu kuu halikosi ukoko; lakini jungu likishavunjwa, ukoko utaupata wapi?