Mpangilio wa Kazi na Kasi ya Ujenzi wa Mawe katika Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Karne ya 11 hadi ya 15

Historia ya majengo ya Kilwa imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya masultani. Jengo huhusishwa na jina, jina na mwaka, na mafundi waashi wakabaki nje ya masimulizi. Hata hivyo, mabaki ya Songo Mnara yanalazimisha swali jingine. Mji huo, ulio kusini mwa Kilwa Kisiwani, ulistawi kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa kabla ya karne mbili kutimia. Nyumba zake za mawe, misikiti na ukuta wake vilisimamishwa katika muda mfupi. Je, kasi hiyo iliwezekanaje kwa mafundi waliotegemea mawe, chokaa na miti pekee?

Jibu linalotolewa hapa ni kwamba kasi haikutokana na wepesi wa mikono ukutani. Ilitokana na kutenganisha maandalizi na ujenzi wenyewe. Ukuta ulijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yaliyovunjwa tu na kupangwa ndani ya chokaa. Mihimili ya milango, vidaka na mapambo ya kibula vilichongwa kwa aina nyingine kabisa ya matumbawe, yaani yale yaliyokatwa yakiwa hai baharini. Jiwe hili huwa laini likiwa bichi na hugumu likikauka. Kwa hiyo mchongaji hakuweza kusubiri ukuta uinuke ndipo apime. Alipaswa kuchonga mara jiwe litokapo majini, kwa vipimo vilivyokwisha kukubaliwa baina yake na mwashi. Jambo hilo, ambalo ni la kimaada tu, ndilo lililozaa nidhamu ya vipimo.

Boriti ziliweka nidhamu ya pili. Dari bapa ya chokaa ilibebwa na miti ya mikoko, na urefu wa mti ulio imara ndio uliokuwa mpaka wa upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba. Wachambuzi waliouona wembamba huo kuwa ni ladha ya kitamaduni hawakukosea kabisa, lakini ladha hiyo ilikuwa imeanzia mikokoni. Mafundi waliojua kipimo hicho mapema waliweza kukata boriti na kuchonga vizingiti kabla msingi haujachimbwa. Chokaa nayo ilitaka muda wake: matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, kisha yakazimuliwa kwa maji na kuachwa yakomae. Anayeanza kuchoma siku ya kujenga amekwisha chelewa.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani unaonyesha mahali mpangilio huo ulipokwama. Sehemu ya kaskazini, iliyo kongwe, ilikuwa na paa bapa. Upanuzi mkubwa wa upande wa kusini, unaohusishwa na al-Hasan ibn Sulaiman wa karne ya 14, aliyejenga pia Husuni Kubwa, ulitumia nguzo zilizochongwa kila moja kwa jiwe moja la matumbawe. Uzuri wa nguzo hizo haukanushiki, ila kila moja ilihitaji tumbawe kubwa lisilo na dosari, na iliyopasuka haikuwa na kiraka. Upanuzi huo ulianguka. Tarehe ya Kilwa inataja kuanguka na kujengwa upya kwa msikiti, na Neville Chittick, katika kitabu chake cha mwaka 1974, aliuweka ujenzi mpya katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Safari hii nguzo ziliundwa kwa vipande vilivyoungwa kwa chokaa, zikabeba kuba na matao yanayorudiwa sehemu baada ya sehemu. Fundi aliyekwisha kuunda kalibu ya kuba moja alikuwa na njia ya kuunda nyingine.

Mabadiliko haya yamewahi kusomwa kama dalili ya mafundi wageni. Usomaji huo una udhaifu. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika funguvisiwa la Lamu, ulionyesha misikiti ikipokezana mahali pamoja, kutoka miti na udongo hadi mawe ya baharini, kabla ya nasaba ya al-Hasan kutawala Kilwa. Umbo la kuba huenda lilisafiri na merikebu. Ujuzi wa kukata tumbawe bichi kwa kipimo ulikuwa wa pwani yenyewe kwa karne kadhaa.

Suala hili lina uzito hadi leo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014. Saruji hukauka upesi na humvutia mkarabati mwenye haraka, lakini huzuia ukuta wa chokaa kupumua, na chumvi hubaki ndani ikila jiwe. Chokaa inayofaa hudai matayarisho yaleyale ya kale, ilhali matumbawe hai hayawezi tena kukatwa bila kuuumiza mwamba unaowalisha wavuvi wa Kilwa. Mkarabati wa sasa, basi, amerithi ratiba ya waashi wa karne ya 15 bila kurithi malighafi yao.