Sikio la Sisibo

Historia ya muziki wa Kenya kwa kawaida huwafuata wapigaji. Huanza na askari waliorudi nyumbani na magitaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikaingia studio za Nairobi, ikapita River Road kwenye maduka ya benga, ikateremka Mombasa kwenye taarabu, kisha ikapanda hadi Kisumu. Eldoret haimo, au imo kama mji wa kupitia tu. Sababu yake haifichiki. Mji huu, ambao wenyeji huuita Sisibo, umetoa wanariadha wanaojulikana dunia nzima, umetoa ngano, maziwa na vitambaa, lakini haukutoa bendi iliyoitikisa Afrika Mashariki. Nadai kwamba kipimo hicho hakitoshi. Muziki una anayepiga na anayesikiliza, na huyu wa pili naye ana historia yake, yenye sababu zake na mageuzi yake. Katika historia hiyo Eldoret na nyanda za juu zinazouzunguka zina nafasi kubwa, maana huku ndiko santuri, na hasa albamu, zilikomfundisha mtu kufanya jambo ambalo ngoma haikumdai: kuketi, kunyamaza, na kuyafuata maneno ya mtu asiyemwona.

Tuanze na mji wenyewe. Wanandi walivunjwa nguvu mwaka 1905, alipouawa kiongozi wao Koitalel arap Samoei, na muda mfupi baadaye ardhi ya Uasin Gishu ikagawiwa walowezi. Mwaka 1908 uliwasili msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini ukiongozwa na Jansen van Rensburg, na mwaka 1910 posta ikafunguliwa kwenye shamba lenye nambari 64, nambari iliyouachia mji jina lake la mtaani, Sisibo. Reli ilifika mwaka 1924. Nyuma yake yakaongezeka maduka ya Wahindi, na watu wa kutoka Magharibi, Nyanza na Kati wakaja kutafuta kazi mashambani, kwenye reli na baadaye viwandani. Gramafoni iliingia katika mchanganyiko huo wa watu. Ilikuwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, isiyohitaji umeme, na santuri zake za shelaki zilizunguka mara 78 kwa dakika, wimbo mmoja wa dakika tatu hivi kila upande. Hilo la umeme lina uzito wake: mashine iliyoweza kuimba mahali popote palipo na meza iliweza pia kusikika nje ya sebule ya mwenye shamba, kwa mpishi, kwa mchungaji wa ng'ombe, kwa watoto waliosimama dirishani.

Ushahidi bora wa usikilizaji huo wa awali hauko Eldoret yenyewe. Uko kusini, Kapkatet, kwa Wakipsigis ambao ni ndugu wa Wanandi na Wakeiyo wa Uasin Gishu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwakuta huko watu wakiimba nyimbo zilizomtaja Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyewahi kufanya kazi ya reli, akawa nyota wa kwanza mkubwa wa muziki wa kantri, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimeletwa na wageni. Waliozisikia hawakujua Kiingereza chake wala hawakuwa wameona picha yake, lakini walijua kwamba sauti ile ni ya mtu, na mtu lazima awe na umbo na tabia. Katika rekodi maarufu zaidi, ile iliyoongozwa na Chemutoi Ketienya akiwa na wasichana wenzake, ala inayopigwa ni kinubi cha Kikipsigis, si gitaa. Tracey alieleza kwamba Chemirocha alichukuliwa kama kiumbe nusu mtu nusu paa, mchezaji hodari.

Rekodi hiyo imependwa sana Ulaya na Marekani, na mara nyingi imesimuliwa kama kichekesho cha watu wasiojua gramafoni ni nini. Naipinga tafsiri hiyo kwa nguvu. Wasichana wale walifanya kazi ya kisanii ambayo mtunzi yeyote angejivunia: walichukua sauti ya kigeni, wakaipa mwili, wakaiweka katika mizani ya wimbo wao na ala yao, wakatoa kitu ambacho Rodgers mwenyewe asingeweza kukitoa. Mtu hawezi kufanya hayo bila kusikiliza sana. Na kinubi kinatupa dokezo jingine. Masikio yaliyokwisha kuzoea nyuzi zinazochezwa kwa vidole chini ya sauti moja ya mwimbaji yaliikuta kantri ikiwa na mpangilio uleule. Mgeni aliingia kwa mlango uliokuwa wazi tangu zamani.

Hapa kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza inasema kwamba mapenzi ya kantri katika Bonde la Ufa ni mabaki ya ukoloni, sauti ya bwana iliyobaki baada ya bwana kuondoka. Siwezi kuipuuza, maana santuri zilifika kwa njia hiyo kweli, na ardhi iliyozipokea ilikuwa imenyang'anywa wenyewe. Lakini mfuatano wa miaka hauiungi mkono. Makaburu wengi waliondoka uhuru ulipokaribia, na Kenya ikajitawala mwaka 1963. Kama mapenzi yale yangekuwa ni kumwigiza bwana tu, yangefifia baada ya hapo. Badala yake yalikua, na mwimbaji aliyependwa kuliko wote, Jim Reeves, alipata umaarufu wake mkubwa hasa baada ya bendera kubadilishwa. Pingamizi ya pili ni ya kirafiki zaidi, nayo husikika hadi leo: kwamba Wakalenjin, jamii inayowajumuisha Wanandi, Wakeiyo na Wakipsigis, wanaipenda kantri kwa kuwa ni wafugaji, na kantri ni muziki wa wafugaji. Maelezo haya yanapendeza, ila hayasimami. Reeves alipendwa vilevile Nigeria, India, Sri Lanka na Norwei, kwa watu wasiohusiana na ng'ombe wa Uasin Gishu kwa lolote. Tena nyimbo zake nyingi hazina farasi wala malisho. Zina simu, chumba, barua na mtu aliyeachwa.

Kwa hiyo tuitazame santuri yenyewe. Msikilizaji wa Eldoret wa miaka ya 1960 na 1970 alikuwa na aina mbili za santuri mbele yake, na kila moja ilimfundisha tabia tofauti. Ya kwanza ilikuwa ile ndogo ya 45, iliyochapishwa Nairobi kwa wingi na kwa bei nafuu. Rumba, benga na twist zilikaa humo. Wimbo wa dansi ni mrefu, na santuri ndogo haikuutosha, basi ulikatwa katikati: upande wa kwanza ulibeba hadithi, kisha ikabidi mtu ainuke, aigeuze, na upande wa pili ukawa wa magitaa yanayopandisha joto. Huo ulikuwa mpango wa ajabu na mzuri. Ulimzoeza msikilizaji kusubiri, kujua kwamba maneno ni maandalizi na furaha yenyewe iko nyuma ya santuri. Wanamuziki kama wale wa Simba Wanyika, waliotoka Tanzania wakahamia Kenya mwaka 1971, walijua kuutumia mgawanyo huo kwa ustadi mkubwa. Santuri ya 45 iliita miguu, na mahali pake halisi palikuwa baa, mahali pa watu wengi.

Aina ya pili ilikuwa albamu, ile santuri kubwa inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Ilikuwa ghali, na kwa sababu hiyo iliingia nyumba chache: ya mwalimu, ya karani, ya mkulima aliyenunua shamba la mlowezi. Albamu ya Reeves ilikuwa na nyimbo kama kumi na mbili, kila moja dakika mbili au tatu, hakuna iliyokatwa. Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo naona limepuuzwa na wengi walioandika kuhusu umaarufu wake. Kuanzia mwaka 1957, akisimamiwa na mtayarishaji Chet Atkins huko Nashville, Reeves aliacha kuimba kwa kupaza. Aliisogelea maikrofoni hadi midomo karibu iiguse, akashusha sauti, akatamka kila neno polepole kama anayezungumza na mtu mmoja. Matokeo yake ni kwamba hata kipaza sauti duni hakikuweza kumharibu. Kwa kizazi kilichokuwa kinajifunza Kiingereza katika shule zilizoongezeka haraka baada ya uhuru, huyu alikuwa mwimbaji wa kigeni ambaye maneno yake yalishikika yote. Mtu aliweza kuuweka wimbo tena, na tena, hadi aelewe. Naamini hapo ndipo usikilizaji wa Eldoret ulipogeuka: maneno yakawa ndiyo shabaha, na kimya cha chumbani kikawa sehemu ya muziki.

Kanisa lilisaidia, ingawa halikukusudia. Africa Inland Church na madhehebu mengine ya kimisionari yenye mizizi mirefu kwa Wakalenjin yalizitazama ngoma na dansi kwa jicho kali. Muumini aliyeipenda sauti ya gitaa alihitaji santuri isiyomtia aibu mbele ya wazee wa kanisa. Reeves alikuwa ametoa albamu ya nyimbo za ibada, We Thank Thee, mwaka 1962, na mwaka uliofuata akatoa Twelve Songs of Christmas. Hii ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo albamu iliyofanya kazi kubwa kuliko zote nchini Kenya. Ikifika Desemba inasikika kwenye maduka ya Barabara ya Uganda mjini Eldoret, kwenye matatu, kwenye nyumba za waliorudi mashambani, pamoja na ile ya Krismasi ya Boney M iliyotoka mwaka 1981. Albamu nyingi husikilizwa hadi zichoshe. Hii iliingia kwenye kalenda. Watu wanajua wimbo upi unafuata upi, na huo ujuzi wa mpangilio ndio unaotofautisha kuisikiliza albamu na kusikia nyimbo. Mwimbaji mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege Julai 1964, hata Krismasi mbili hazijapita tangu aitoe.

Mtu anaweza kusema kwamba yote haya ni kazi ya redio, kwamba wengi wa wasikilizaji hawakuwahi kugusa santuri. Ni kweli kwamba redio ilifika mbali zaidi, na kipindi kama Sundowner cha idhaa ya Kiingereza kililea mapenzi ya nyimbo tulivu kwa miaka mingi. Lakini redio ilipiga santuri, na ladha ya santuri ndiyo iliyosafiri. Tena tukio la mwaka 1980 linaonyesha kwamba wasikilizaji hawakuwa wanameza tu walichopewa. Machi mwaka huo Sauti ya Kenya, redio ya taifa, iliagiza kwamba robo tatu ya muziki utakaopigwa hewani uwe wa Kenya. Malalamiko yakafumuka, na agizo halikudumu. Nawahurumia wanamuziki wa wakati ule, waliostahili mirabaha na nafasi, na nafikiri serikali ilikuwa na nia njema. Hata hivyo agizo lilikosea jambo moja: lilidhani wimbo wa kigeni uko redioni kwa sababu umewekwa huko, wakati wengi walikwisha kuufanya wao.

Na waliufanya wao kwa njia ya kuzaa. Msikilizaji huyuhuyu ndiye aliyekuwa mnunuzi wa muziki wa Kikalenjin uliorekodiwa. Mjini Kericho duka la Chandarana liligeuka kuwa kampuni ya santuri, likachapisha nyimbo za Kikalenjin, Kiluo na Kikisii, likithibitisha kwamba soko la bara halikuhitaji kibali cha Nairobi. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et ndio waliosimama mbele katika upande wa Kikalenjin. Msikilize Kipchamba na utaona kwamba gitaa halimfuniki. Linamtembeza, naye anasimulia kwa utulivu. Sidai kwamba alijifunza kwa Reeves, kwa kuwa kinubi na mashairi ya jando vilikuwepo kabla ya wote wawili. Ninachodai ni kwamba alipata hadhira iliyokwisha kuzoea kusikiliza simulizi kutoka kwenye santuri bila kusimama kucheza. Hadhira hiyohiyo, au watoto wake, ndiyo iliyompokea Emmy Kosgei na injili yake ya Kikalenjin, na ndiyo inayojaza kumbi anapoimba Elvis Otieno, Sir Elvis, Mkenya aliyejitolea kwa kantri bila kuomba radhi.

Kaseti ilipoishinda santuri katika miaka ya 1980, ilileta uhuru na hasara kwa pamoja. Bei ilishuka, na kila mtu akaweza kunakili albamu ya jirani. Wasanii wakapoteza mapato yao kwa uharamia, na jambo hilo halina utetezi. Lakini upande wa usikilizaji, kaseti ilihifadhi kitu: bado kulikuwa na upande A na upande B, bado ilikuwa taabu kuruka wimbo, na aliyeunganisha nyimbo zake mwenyewe kwenye kanda alilazimika kufikiri mpangilio kama mtayarishaji. Flashi imeondoa taabu hiyo. Muuzaji wa mjini hukujazia mamia ya nyimbo kwa pesa kidogo, nyingi zikiwa tayari zimekatwakatwa na DJ, ubeti wa pili haujafika. Kinachobaki cha tabia ya zamani kinaonekana katika uchaguzi wa wanunuzi: mikusanyo ya kantri na zilipendwa bado ina wateja Eldoret, ambayo tangu Agosti 2024 ni jiji, na miongoni mwao wamo vijana waliozaliwa miongo kadhaa baada ya ajali ile iliyomuua Reeves. Atakayeandika historia ya muziki wa jiji hili atalazimika kuanza na hao, kuuliza walisikia nini, kwa chombo gani, na nani alikuwa ameketi nao, kabla ya kuuliza ni bendi ipi ilipiga wapi.