Vishikwambi vya vijiji 170

Desemba 2017, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga waligawiwa vishikwambi. Hapakuwa na mwalimu, ubao wala kengele. Karibu robo tatu yao walikuwa hawajawahi kukanyaga darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Hayo yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyotangazwa mwaka 2014 kwa zawadi ya jumla ya dola milioni 15 za Marekani, mfadhili wake mkuu akiwa Elon Musk. Washindani walitakiwa watunge programu ambayo mtoto ataitumia kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Zilibaki timu tano, kila moja ikapewa dola milioni moja, kisha kazi zao zikaletwa Tanga kupimwa kwa miezi 15. Google ilitoa vifaa. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali wakasimamia.

Tanga imezoea kupokea vyombo vipya vya elimu. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa mwaka 1892, na kuanzia 1904 shule hiyo ikawa inachapisha gazeti la Kiswahili, Kiongozi, kwa mtambo wake yenyewe. Ilipofika 1973, redio ndiyo iliyokuwa mwalimu nchini kote: kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Kompyuta ilichelewa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini bila kibali maalumu, na somo la kompyuta likaingia katika sekondari zetu mwishoni mwa miaka ya 1990 tu.

Kwa hiyo watoto wa vijijini waliruka hatua nyingi kwa mkupuo mmoja. Umeme ulitoka kwenye vituo vya sola vilivyojengwa vijijini, na kina mama wa hapo hapo ndio waliokabidhiwa kuviangalia. Mtoto akishawasha kifaa, sauti inamsalimu kwa Kiswahili na kumwambia aguse nini. Herufi inatokea, anaifuatisha kwa kidole, anaisikia ikitamkwa. Akikosea anarudia, na hakuna wa kumcheka.

Nadhani hapa ndipo lugha ilipofanya kazi ambayo wahandisi wa mbali hawawezi kujisifia. Kila aliyesoma darasa la kwanza nchini anakumbuka ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akizishika silabi, neno zima limekwisha kufunguka. Programu hizo zingekuja kwa Kiingereza peke yake, naamini vishikwambi vingeishia kuwa vya michezo tu.

Matokeo yalitangazwa Mei 2019 huko Los Angeles. Timu mbili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School yenye watu wake Korea Kusini na Marekani, ziligawana dola milioni 10. Idadi ya watoto wasioweza kusoma neno hata moja ilipungua kwa nusu. Ni hatua kubwa kwa mtoto ambaye hakuwa na shule. Lakini tusikwepe upande wa pili: nusu nyingine walimaliza miezi 15 bado hawasomi. Mtoto anahitaji pia mtu wa kumwuliza, na mashine haikumpa huyo.

Tangu hapo neno kishikwambi limekuwa la kila siku. Vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na leo mwalimu wa sekondari ya Usagara, Tanga mjini, au wa kijiji cha ndani Pangani, anaweza kuwa nacho mkononi.

Programu zote tano za mashindano yale ziliachwa wazi, yeyote azichukue na kuziboresha bila malipo. Zilipimwa kwa jasho la watoto wetu na zinazungumza lugha yetu. Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania wazichukue, wazipatanishe na mtaala wa sasa, na waanzie vijiji vile vile 170.