Mashindano ya roboti, ziwa letu na chupa ya damu

SEHEMU YA 1: Swali la kliniki



Juzi kliniki mama mmoja wa Bunda, mimba ya miezi saba, aliniuliza: "Sista, hivi zile ndege zisizo na rubani zilizokuwa zinapeleka dawa Ukerewe ziliishia wapi? Nikienda kujifungulia kwa mama mkwe kule kisiwani, zitaniletea damu?" Nilimjibu kwa kifupi maana foleni ilikuwa imefika nje. Leo niko off, nalijibu vizuri. Nimeligawa sehemu tano. Chemsheni chai kwanza.

Kuna njia mbili za kupata kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Ya kwanza, unamlipa fundi kabla. Ya pili, unaweka zawadi mezani na kusema: atakayeweza, achukue. Hii ya pili ni ya zamani sana. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliweka hadi pauni 20,000 kwa atakayewapa mabaharia njia ya kujua wamefika wapi, mashariki au magharibi, wakiwa katikati ya bahari. Aliyelitatua ni fundi saa, John Harrison.

Mwaka 1795 serikali ya Ufaransa nayo iliahidi faranga 12,000 kwa njia ya kuhifadhi chakula cha wanajeshi kisiharibike. Mwaka 1810 mtengeneza peremende Nicolas Appert akalipwa. Alikuwa anaziba chakula kwenye chupa na kukichemsha humo humo. Kwa hiyo kopo la nyanya lililoko jikoni kwako lina ukoo na mashindano ya zawadi. Ulijua?

SEHEMU YA 2: Kutembea ni rahisi, kushika ni kazi

Sasa twende kwenye roboti. Mwaka 2004 DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, liliweka dola milioni 1 kwa gari litakalojiendesha lenyewe kwenye jangwa la Mojave. Njia ilikuwa zaidi ya kilomita 200. Lililofika mbali kuliko yote halikumaliza hata kilomita 12. Zawadi ikabaki mezani. Mwaka uliofuata magari matano yalifika mwisho, na gari la Chuo Kikuu cha Stanford likabeba dola milioni 2. Mwaka mmoja tu!

Kumbe kazi ngumu ilikuwa bado. Machi 2011 mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, uliharibika baada ya tetemeko na tsunami. Mionzi ilifanya iwe hatari kwa watu kukaribia, na roboti zilizokuwepo hazikuwa na mikono ya kufanya kazi ya mtu. Hapo DARPA wakatangaza mashindano mengine. Fainali ilifanyika Juni 2015 huko Pomona, California. Roboti ilitakiwa kuendesha gari, kushuka, kufungua mlango, kuzungusha valvu, kutoboa ukuta, kupita kwenye kifusi na kupanda ngazi, yote ndani ya saa moja. Na bado kulikuwa na watu wanaoiongoza kwa mbali, mawasiliano yakikatwa katwa makusudi.

Timu ya KAIST ya Korea Kusini ilishinda kwa dakika 44 na sekunde 28 na kuchukua dola milioni 2. Lakini nyingi zilianguka chini kama gunia, nyingine hapo hapo mlangoni. Yaani mashine ya mamilioni inashindwa kitasa, wakati mtoto wako wa miaka mitatu anafungua mlango wa jiko usiku kufuata sukari!

Wekeni hili kichwani: kwenda mbali ni rahisi kuliko kushika. Tutalihitaji.

SEHEMU YA 3: Ziwa letu

Sisi wa Musoma, Bunda na Butiama ziwa tunalijua. Asubuhi linang'aa kama sinia, mchana upepo ukibadilika hata wavuvi wa Mwigobero wanasita.

Kutoka Mwanza kwenda Ukerewe kwa nchi kavu lazima uzunguke: Magu, Lamadi, Bunda kwetu hapa, halafu Kibara hadi Kisorya, unasubiri kivuko, unavuka Rugezi, ndiyo Nansio. Kama kilomita 240, saa sita hivi. Kwa anga ni kilomita 60 tu.

Mwaka 2018 DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na kampuni ya Wingcopter walijaribu njia hiyo ya anga. Droni yao ilikuwa inapaa wima kama helikopta, ikifika juu inageuza propela na kuruka kama ndege. Ilifika kwa wastani wa dakika 40. Kwa miezi sita ya majaribio ziliruka jumla ya kilomita 2,200.

Mwaka huo huo, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere, chenye jina la Mwalimu wetu wa Butiama, kilipinduka karibu na Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Sina haja ya kusimulia, wengine humu mlizika. Nataja ili mjue kwamba swali la nani anafika kisiwani, kwa chombo gani na kwa usalama gani, halikuwa mchezo wa wataalamu.

Mwezi uliofuata, Oktoba, Mwanza ikapokea Lake Victoria Challenge, iliyoratibiwa na Benki ya Dunia pamoja na wenzake. Wataalamu walikaa kujadili, na droni zikaonyeshwa zikiruka kuelekea kisiwa cha Juma.

SEHEMU YA 4: Kuangusha na kuchukua

Februari 2020 mashindano yakafanyika Rwanda, kwenye Ziwa Kivu. Yalikuwa ya aina tatu: kupeleka mzigo wa dharura, kutafuta na kukagua kutoka angani, na kwenda kuchukua sampuli na kurudi nayo.

Hiyo ya kuchukua ndiyo iliyonivutia kama nesi. Rwanda ilikuwa tayari inatumia droni kupeleka damu hospitalini tangu Oktoba 2016, kutoka Muhanga. Zile hazitui. Zinafika juu, zinaachia boksi lenye parashuti, zinageuza. Kazi nzuri sana. Lakini kuchukua sampuli ni jambo jingine: lazima ndege itue taratibu, mtu aliyepo pale apakie, halafu ipae tena bila kumwaga wala kuumiza mtu. Ni kile kile cha Pomona. Kufika wanaweza, ugumu unaanza kwenye kugusana na binadamu.

SEHEMU YA 5: Mkono

Miaka ya nyuma, kituo sikitaji, alipokelewa mama usiku. Alijifungua salama, mtoto akalia, sote tukacheka. Baada ya muda mfupi damu ikaanza kumwagika. Tukachoma sindano, tukaweka dripu. Damu ya kumwongezea ilikuwa mjini, gari limeshaondoka kuifuata. Mwenzangu mmoja aliukandamiza mfuko wa uzazi kwa mikono yake miwili, moja ndani, moja juu ya tumbo. Hakuiachia. Jasho linamtoka, mikono imekufa ganzi, anasema tu "mama usilale, niangalie mimi." Gari likafika. Yule mama leo anauza dagaa, na mtoto yuko shule.

Droni ingeleta damu mapema, na ningeishukuru. Lakini ile mikono hakuna shindano lililoitengeneza mpaka leo.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba mama mjamzito hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Angalieni vizuri. Droni inapunguza sehemu ya wa tatu, kwa sababu inaleta damu na dawa pale ambapo hazipo. Wa pili ni wa barabara na kivuko. Wa kwanza, ule wa "tumsubiri kwanza baba yake aseme", hauna mashine. Uko sebuleni kwenu.

Basi mama yangu wa Bunda, jibu lako ni hili. Yale ya Ukerewe yalikuwa majaribio, na usipange uzazi wako kwa kutegemea ndege. Kwa mama mkwe nenda, ni haki yake kumwona mjukuu. Ila wiki za mwisho kaa karibu na hospitali, usisubiri uchungu ndipo uanze kutafuta kivuko. Jua kundi lako la damu. Tafuta ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia damu, na mkubaliane mapema nani anaamua kama baba hayupo. Ukishajifungua, pedi ikilowa yote ndani ya muda mfupi, au ukihisi kizunguzungu na baridi, piga kelele. Usione aibu.

Na akina baba mnaosoma kimya kimya: damu inayobebwa na droni haitengenezwi kiwandani. Inatoka kwenye mkono wa mtu. Siku ya kuchangia ikitangazwa, njooni, mimi nitakuwepo na sindano yangu, na soda nitawanunulia.

Usiku mwema. Maswali wekeni hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.