Damu, Malaria na Hesabu ya Urithi: Funzo kwa Watumishi wa Kibaha na Kisarawe

Utangulizi

Katika nchi ya Uzaramo, zilimo wilaya za Kibaha na Kisarawe, malaria ni mwenyeji wa zamani kuliko Injili. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walipofungua vituo vya Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890 waliikuta homa hiyo, naye Robert Koch aliichunguza Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Pamoja nayo ulikuwapo ugonjwa mwingine wa watoto: maumivu ya mifupa, upungufu wa damu na macho ya manjano. Leo twauita selimundu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ilivyogunduliwa kwamba magonjwa hayo mawili yana uhusiano, na kuuliza uvumbuzi huo unamdai nini mchungaji.

Historia ya uvumbuzi

Mwaka 1908 Godfrey Hardy wa Uingereza na Wilhelm Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja peke yake, walionyesha kwa hesabu kwamba kiasi cha jeni katika jamii hakibadiliki chenyewe kizazi hata kizazi. Kikibadilika, hapana budi iwepo sababu. Mwaka 1922 Ronald Fisher aliongeza kwamba jeni mbili zaweza kudumu pamoja iwapo mtu aliyerithi moja ya kila aina huishi vema kuliko wengine.

Mwanasayansi aliyeiona hesabu hiyo katika damu ya watu wa Afrika Mashariki ni Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusoma Oxford. Mwaka 1949 aliona kwamba wenye kubeba jeni ya selimundu huzidi 20 katika kila watu 100 pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini nyanda za juu hawafiki hata mmoja. Mwaka 1954 alitangaza matokeo ya watoto 290 wa Uganda. Kati ya 43 wenye kubeba jeni hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, walikuwa 113.

Huku kwetu Tanganyika, takwimu zake za Musoma za mwaka 1956 zasomwa hadi leo. Kati ya watoto wachanga 287, wenye kubeba jeni walikuwa 89, yaani asilimia 31, na wagonjwa 9. Kati ya watu wazima 654, wenye kubeba walikuwa 249, yaani asilimia 38, na wagonjwa 5 tu. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni makaburi ya watoto: wengine waliuawa na selimundu, wengine na malaria.

Maana ya hesabu

Tuchukue mfano. Iwapo katika kila jeni 100 za aina hii 10 ni za selimundu, basi kati ya watoto 100 wapatao 18 wataibeba bila kuugua, na mmoja atazaliwa mgonjwa. Tukichukulia kwamba wagonjwa wote hufa utotoni, hali hiyo yaweza kudumu ikiwa tu, pale wabebaji 9 wanapokua, wasio nayo hukua 8. Ugonjwa wa mtoto mmoja ni gharama ya kinga iliyowaokoa wengi. Hata malaria ikitoweka leo, vingehitajika vizazi 10 ili jeni hiyo ipungue kwa nusu.

Mafundisho kwa Kanisa

Wazaramo kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo ni rahisi mama kulaumiwa mtoto anapougua. Hesabu inakataa lawama hiyo. Mtoto mgonjwa amepokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama, nao wazazi wote wawili waweza kuwa wazima kabisa. Wanafunzi wa Yesu waliuliza katika Yohana 9 ni nani aliyetenda dhambi, naye Bwana hakukubali swali lao. Ezekieli 18 nayo yakataa mwana kuhukumiwa kwa kosa la baba.

Pili, wachumba na washauriwe kupima damu. Wakiwa wote wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Wajue hivyo, kisha waamue wenyewe mbele za Mungu. Kipimo kisigeuzwe sheria ya kuwazuia madhabahuni.

Tatu, mgonjwa apelekwe hospitali mapema. Mradi ambao nchi za Nordiki na Tanganyika waliuanzisha Kibaha mwaka 1963 ulileta elimu, kilimo na afya pamoja, na Tumbi ni tunda lake. Huko Muhimbili wagonjwa wa selimundu wamefuatiliwa kwa utafiti tangu 2004, na dawa ya haidroksiurea hupunguza maumivu yao.

Hitimisho

Mchungaji hahitaji kuwa mtaalamu wa jeni. Lakini akiitwa kwenye msiba wa mtoto wa namna hii, na jamaa wakaanza kutafuta mchawi au ukoo wenye laana, hana budi kusema wazi kwamba hakuna mkosaji katika nyumba hiyo.