Itambue mimea ya majini ya Ziwa Victoria kabla ya kuing'oa

Ziwa Victoria lina mimea vamizi inayopaswa kudhibitiwa, na lina mimea ya asili inayowapa vifaranga vya samaki maficho na kutuliza tope la ufukweni. Anayeng'oa bila kutofautisha huharibu makazi ya samaki na huenda akaliacha gugu lenyewe likisambaa. Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua mimea hiyo kwa majani yake na jinsi inavyoota.

Mimea inayoelea bila kushika ardhi

Gugumaji, lenye asili ya Amerika Kusini, lilibainika ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980. Majani yake ni ya mviringo na yanang'aa, vikonyo vyake huvimba na kujaa hewa, na maua yake ni ya rangi ya zambarau hafifu. Yungiyungi ni mmea tofauti: jani lake hulala juu ya maji, lina mpasuko hadi kwenye kikonyo, na shina lake limejikita katika tope.

Salvinia, iliyoonekana ziwani katika miaka ya karibuni, asili yake ni Brazili. Majani yake hutoka matatu matatu: mawili huelea na la tatu huning'inia majini mithili ya mizizi. Sehemu ya juu ya majani yanayoelea ina vinyweleo vinavyozuia maji kulilowesha jani. Mmea huu hautoi maua wala mbegu. Kipande kidogo cha shina hutosha kuanzisha mmea mpya.

Mimea inayoota chini ya maji

Chomoa shina moja tu, kisha chunguza mpangilio wa majani.

• Majani yakipishana moja moja, yakiwa membamba na marefu, yenye mshipa wa kati unaoonekana kwenye mwanga na utando mwembamba penye chimbuko la jani, huo ni mmea wa jenasi Potamogeton. Mashada yake madogo ya maua husimama juu ya maji.

• Majani yakizunguka kifundo kimoja na kingo zake zikikwaruza kidole, huo ni Hydrilla.

• Majani yakizunguka kifundo, kila moja likigawanyika kama uma, na mmea ukiwa hauna mizizi, huo ni Ceratophyllum.

• Majani yakiwa kama utepe na yote yakitoka chini kwenye tope, huo ni Vallisneria.

Mimea hii minne huota kiasili katika maziwa ya ukanda wetu. Isiondolewe kwa sababu tu imeonekana. Ikiziba njia ya mitumbwi, ushauri wa wataalamu utafutwe kwanza.

Hatua za kuchukua

Gugumaji na salvinia zikiondolewa zipelekwe nchi kavu, mbali na mahali ambapo mvua au mawimbi yanaweza kuzirudisha majini. Nyavu, mitumbwi na injini zikaguliwe kabla ya kuhamishiwa mwalo mwingine, ili vipande visisafiri navyo. Mmea usiotambulika upigwe picha ya karibu inayoonyesha jani, kifundo na mizizi, na taarifa itolewe kwa viongozi wa mwalo au ofisa uvuvi wa eneo husika.